Wa Saba Haukurudi

9 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. U mzima? Kifua kilichokuwa kikikubana mwisho wa mwaka kimeachia? Mimi nimeamka salama, namshukuru Mungu, ingawa mabega yananikumbusha kila asubuhi kwamba umri si bure. Mama yupo. Magoti yanamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa. Jana alimwambia jirani aliyekuja kumjulia hali, "Kaa, lakini usikae sana." Anakusalimu, na anasema ukimwandikia tena barua ya mistari mitano atakurudishia ukaimalizie.

Kilichonikalisha mezani ni habari ya kiwandani. Wiki iliyopita walikuja watu wakafungua ile mashine inayofinya shingo za mitungi, wakaipakia kwenye gari vipande vipande. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Kesho kwa kuwa kila jibu lake ni kesho, akasema inapelekwa matengenezo. Mashine ya matengenezo haing'olewi hadi boliti za sakafuni, ndugu yangu. Kila mtu anasema kiwanda kinafungwa.

Sasa sikiliza, hili linakuhusu wewe kuliko mimi. Mitungi yako ya kuzamia ni ile myepesi. Chuma chake ni chembamba kuliko sheria ya kawaida inavyotaka, ndiyo maana ofisi ya vibali iliitolea kibali maalumu, na namba ya kibali imegongwa begani mwa kila mtungi. Kibali kina jina la kiwanda. Kiwanda kikifa, kibali kinakufa nacho, na kila mtungi wenye namba ile unageuka chuma chakavu hata kama ni mzima kama kigongo. Mwisho wake ni tarehe thelathini Juni. Ofisi imesema mtungi utakaopimwa na kugongwa muhuri kabla ya siku hiyo utaruhusiwa miaka mitano, kiwanda kiwepo kisiwepo. Ukichelewa, ndiyo basi.

Leta yako mapema. Nitaipima mwenyewe. Msalimu wifi yangu, mwambie akulishe. Ile picha uliyotuma unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yake. Barua yako ilifika na lori la vyakula, maana simu huku bondeni ni ya kutazamia saa tu. Mimi ni mzima. Kifua kimeachia. Maji ya bwawa yamepanda, na kila siku tunazama kuondoa magogo na majani yanayoziba ule wavu wa chuma ambako maji huingia kwenda mjini. Chini kule ni giza hata mchana. Unafanya kazi kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Nimesoma habari ya kibali mara tatu na bado hainiingii. Mtungi ni mzima, unapumulika, unashika hewa yake, halafu ufe kwa kuwa aliyeutengeneza kafa? Baba alipofariki sisi hatukuzikwa naye.

Lakini sheria ni sheria. Natuma mitungi yangu yote tisa na lori la mwezi wa tano. Nimeipaka namba nyekundu, moja hadi tisa, isichanganyike na ya watu. Dada, nakuomba kitu kimoja tu: hakikisha inarudi yote tisa. Mkataba wa bwawa umeandikwa mitungi tisa. Ikirudi minane, kuna jamaa ana kumi na anasubiri nikanyage ganda la ndizi.

Nduguyo

*Wifi, ni mimi hapa chini, nimenyang'anya kalamu. Kamba ya nguo nilipewa hivyo hivyo na familia yenu, sikumkausha mimi. Ninyi mlimtoa kwenye duka gani? Mimi ndiye ninayemjazia mitungi siku hizi, kompresa naiendesha mwenyewe, na mkono haujatetereka hata siku moja. Muulize. Wifi yako.*


11 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi mitatu. Salamu zenu zilifika, na Mama alicheka maneno ya wifi mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Huyo ndiye mtoto wangu, huyo mwingine nilimwokota." Anaendelea hivyo hivyo. Wiki mbili alilala na homa, sasa ameinuka. Mimi ni mzima wa mwili.

Ungeuona uwanja wetu usingeamini. Mitungi imetoka kila upande wa nchi, wazamiaji wote wamesikia habari ya Juni. Imelazwa kwenye mifuko ya mchanga, imesimamishwa ukutani, mingine iko kwenye veranda ya ofisi kama wagonjwa. Chumba chetu cha vipimo kina watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye macho yake yamechoka. Ukifanya kazi kwa haki unapima minne kwa siku. Unaujaza mtungi maji, unaushusha ndani ya pipa la chuma lililojaa maji, unafunga, unasukuma presha. Mtungi unavimba kidogo, usionekane kwa jicho, na maji ya pipa yanapanda kwenye bomba la kioo. Ukiachia presha, maji yanatakiwa yashuke pale yalipoanza. Ndiyo kazi yangu miaka ishirini na miwili, kutazama maji yakipanda na kushuka.

Bwana Kesho safari hii amegeuka Bwana Leo. Amesema mkaguzi wa ofisi ya vibali anakuja kuhesabu mihuri, na mihuri lazima iwe mingi, kwa sababu kuna mtu anataka kununua kiwanda endapo tu kibali kitaongezwa. Mengi yanafanyika hapa ambayo siwezi kuyaandika. Barua zinazopanda lori zinasomwa getini.

Mitungi yako nimeipima kwa mkono wangu, nikiwa nimesali kwanza. Yote tisa ina muhuri. Minane imerudi. Wa saba haukurudi. Najua utanielewa.

Mungu awalinde.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Shikamoo. Mzima? Mama mzima? Sisi huku wazima kabisa, na leo nina furaha ya kukuandikia kurasa mbili lakini lori linaondoka.

Mitungi imefika! Nimeipanga bandani, mihuri inang'aa. Sasa dada yangu, nilipofungua barua yako nikasoma "minane imerudi, wa saba haukurudi," moyo ulidondoka hadi kwenye viatu. Nikakimbilia lori, nikamshika dereva, "Mtungi wangu wa saba umeuacha wapi?" Mwenyewe akaniangalia kama nimelewa. Tukashusha, tukahesabu mara mbili. Upo! Wa saba upo, na namba yake nyekundu na muhuri wako begani. Dada umezeeka jamani. Unasema barua zinasomwa getini. Waache wasome, watacheka kama nilivyocheka.

Miaka mitano! Yule jamaa mwenye mitungi kumi ameshaenda kutafuta ugomvi kwingine. Kesho kutwa tunajaza yote, Jumatano nazama.

Ahsante, dada. Umeniokoa.

Nduguyo

*Wifi, hata kuhesabu mpaka tisa? Nunua miwani, au nikutumie yangu. Nimeweka huo mtungi wako uliopotea mbele kabisa, nitaujaza wa kwanza ili usipotee tena. Ha ha. Wifi yako.*


15 Julai

Mdogo wangu,

Sina salamu leo, nisamehe. Barua yako nimeipata saa hii.

Usiujaze wa saba. Kama umejazwa, watu wote watoke bandani na asiuguse mtu. Kwetu chumbani tukisema mtungi "umerudi" maana yake ni kwamba baada ya presha umerudi kwenye umbo lake. Usiporudi, chuma kimechoka, kimekufa. Nilitaka ujue hivyo. Sikuwa na maana ya lori.

Nimepiga simu ofisi ya bwawa mara kumi na moja, inalia tu. Barua hii nampa dereva wa saruji, ameapa atapita njia ya huko. Nijibu na gari lolote.

Dada


20 Agosti

Kwa dada,

Salamu. Natumaini hamjambo wewe na Mama. Mimi sijambo.

Barua yako ya tarehe kumi na tano Julai niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Maji yamepungua kidogo na kazi ya wavu inaendelea. Tunatumia mitungi minane, na watu wa bwawa wamekubali iwe hivyo.

Wa saba haupo tena. Usiandike habari zake kwenye barua.

Wifi yako amepumzika, hafanyi kazi kwa sasa. Anawasalimu.

Nduguyo


3 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mkeo. Mama hajambo, ingawa ananiuliza kila siku mbona sili. Nimemwambia ni tumbo.

Nilishika barua yako nikaigeuza nyuma na mbele. "Anawasalimu." Tangu lini wifi yangu anasalimu kwa mdomo wa mtu? Yule hata ukimkata kidole angechovya damu aniandikie tusi. Umeandika "Kwa dada" kama unayemwandikia meneja. Mimi nilikubeba mgongoni, nikakufundisha kufunga kamba za viatu. Usinifanyie hivyo.

Nikueleze yaliyotokea huku, kisha uone kama una haki ya kunyamaza. Jumatatu Bwana Kesho alituita uwanjani, amevaa koti. Alisema ofisi imeongeza kibali kwa miaka miwili na mnunuzi ametia sahihi. Watu wakapiga vigelegele. Mwenzangu wa vipimo alilia kwa furaha, ana watoto wanne. Kisha Bwana Kesho akasoma kwenye karatasi: ofisi imeridhika kwa kuwa rekodi za chumba cha vipimo ni safi, na kwa kuwa ajali moja iliyoripotiwa, kwenye bwawa fulani, imethibitika ni uzembe wa mjazaji aliyezidisha presha.

Rekodi hizo ni mwandiko wangu, mdogo wangu. Na mjazaji ni nani?

Wengine walinipongeza kwa mkono. Niliwapa mkono. Nikarudi chumbani nikakaa juu ya ndoo mpaka kengele ya kutoka.

Niambie.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Nilianza barua hii mara nne. Nitaiandika bila kuisoma tena.

Ilikuwa siku ile ya kujaza, tarehe mosi Julai, kiasi saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa nje nakagua nguo za kuzamia. Yeye alikuwa bandani, ameulaza mtungi kwenye beseni la maji upoe wakati wa kujazwa, kama anavyofanya siku zote, jicho kwenye geji. Nilimsikia anaimba. Sikumbuki mlio. Nakumbuka bati la banda likiinuka polepole kama mtu anafunua shuka. Beseni lilipasuka vipande viwili, na kipande kimoja ndicho kilichomkinga kifua, daktari anasema, la sivyo ningekuwa naandika barua nyingine.

Mkono wa kulia haupo, kuanzia kwenye kiwiko. Masikio hayasikii, yote mawili, na daktari haoni kama yatarudi. Tunaongea kwa karatasi. Anaandika kwa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mkaguzi alikuja tarehe ishirini na nane Julai. Barua yako ya saruji ilikuwa imeshanifikia, siku nne kabla. Nilikuwa nayo mfukoni mwa shati wakati ananihoji. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia, "Mzee, kama ni mtungi, basi mitungi yote yenye namba hii inatoka majini leo, nchi nzima, na kiwanda kinafungwa. Kama ni mjazaji, jambo linaishia hapa. Mtungi una muhuri wa mwezi uliopita. Geji ilisoma ngapi?" Nikasema sikuiona. Akasema, "Aliyeiona ni nani?" Nikasema ni yeye peke yake. Akaandika. Nikatia sahihi.

Niliwaza mitungi minane. Niliwaza na wewe, dada, muhuri ni wako. Sijui nilianza kuwaza kipi.

Alipopata fahamu vizuri, neno la kwanza aliloandika lilikuwa: NILIZIDISHA? Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo haulizi. Anakaa anautazama ukuta. Juzi aliandika kwamba nimtafutie mtu amwombee radhi kwa mwenye kiwanda, kwa kuwaharibia jina.

Usimwambie mtu. Dada, nakuomba kwa jina la Baba, yaache yaishie hapo. Ukifungua mdomo yeye hapati mkono, mimi napoteza mitungi, na wewe unafungwa. Nani anafaidika?

Nduguyo


14 Oktoba

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Nakusalimu, na ninauliza hali yako kwa moyo, si kwa desturi ya barua. Unalala? Unakula? Mimi silali. Mama nimemwambia yote. Akaniuliza tu, "Mkono gani?" Nikamwambia wa kulia. Akasema tangu leo tutamtayarishia chumba cha mbele, chenye mwanga.

Sasa nikiri, maana nimekulaumu kwa kunyamaza na mimi ndiye niliyeanza.

Bwana Kesho alituamuru tugonge mihuri kwanza, tupime baadaye, ili mkaguzi akute hesabu imetimia. Nikagonga. Mitungi mia mbili na kumi, kwa nyundo hii hii niliyopewa siku ya kwanza. Kabla ya mwisho wa Juni tuliweza kupima kweli themanini na mmoja. Iliyobaki niliijazia daftari kwa kubuni, namba nzuri nzuri, mkono wangu mwenyewe. Katika tuliyoipima, wako wa saba ndio pekee uliokataa, na muhuri ulikuwa tayari begani. Kuufuta muhuri kunataka sahihi ya msimamizi. Nilimwendea. Akasema, "Mama, ukifuta mmoja, mkaguzi atauliza mingine. Wape watu kazi zao." Ningeweza kuutoboa kwa keekee mwenyewe, dakika mbili tu, usingejazwa tena na mtu yeyote. Keekee lilikuwa ukutani. Sikulishika.

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Uliandika, "Hakikisha inarudi yote tisa." Wewe ulimaanisha lori. Kwangu mimi, kwa miaka ishirini na miwili neno hilo halina maana nyingine, nikalisoma kama unaniomba niipitishe yote. Nikajiambia, ndugu yangu anajua anachoomba, ana mkataba, nikimwandikia "haukurudi" ataelewa na atauweka kando kwa siri, kibali kitabaki, kazi zitabaki, na mimi sitakuwa nimesema uongo. Ningeweza kuandika "usiujaze, utaua mtu." Maneno matatu. Niliogopa getini. Nikachagua neno ambalo mimi pekee ningelielewa, nikaliita ukweli.

Nimesali sana tangu Julai. Juzi nikiwa nimepiga magoti niligundua kwamba naomba nisikamatwe, nilikuwa sijaomba kusamehewa hata mara moja. Niliona haya mbele za Mungu. Nikainuka nikachukua daftari.

Kwa hiyo usiniombe kwa jina la Baba. Nimeshawaandikia ofisi ya vibali. Nimeandika jina langu kamili, na namba za mitungi mia na ishirini na tisa ambayo haikupimwa, moja baada ya nyingine, kurasa tano. Barua ilipokelewa jana na nina karatasi ya mapokezi. Uliuliza nani anafaidika. Katika hiyo mia na ishirini na tisa kila mmoja una mtu anayeusimamia na geji, saa hii, mahali fulani. Wengine labda wanaimba.

Najua nilichokufanyia. Minane yako itatolewa majini hata kama ni mizima. Kiwanda kitafungwa safari hii kweli, na mwenzangu mwenye watoto wanne ameacha kuniamkia. Mimi watakuja kunichukua watakaponichukua. Nimeshamwonyesha binti wa jirani dawa za Mama zinapokaa.

Ofisi inasema wakaguzi watafika huko bwawani ndani ya wiki tatu kubadilisha ripoti. Kabla hawajafika, nakuomba kitu kimoja. Mpe wifi yangu barua hii. Usimsomee, usimfupishie, usikae naye kumtazama usoni kutafuta huruma yake. Mpe ashike mwenyewe, aisome mpaka mwisho, na ile karatasi ya mkaguzi uliyotia sahihi uiweke pembeni yake. Hakuzidisha. Geji aliisoma sawasawa. Mtungi ulikuwa umekufa kabla haujamfikia, na waliojua ni mimi na Bwana Kesho. Baada ya hapo aamue atakavyo juu yako na juu yangu. Akikataa kutuona tena wote wawili, usimbembeleze.

Nijibu upesi, mdogo wangu, na gari lolote litakalotoka. Sihitaji kurasa mbili. Niandikie tu kwamba ameisoma.

Dada yako